Chai ya Vita, Deni la Wakubwa

Kugo, babu yangu, haachi hata tone kikombeni. Baba yake alichuma chai Kericho wakati wa Vita Kuu ya Pili, kipande shingoni, akitafuta pesa ya kodi ya kichwa. Majani yalikuwa yakienda wapi? Nikaanza kufuatilia.

Mwaka 1940 Uingereza ilianza kugawa chai kwa kipimo: aunsi 2 kwa mtu kwa wiki, kama gramu 57. Minada ya London ilishafungwa, kwa hiyo serikali yenyewe ikawa inanunua chai ya himaya kwa mikataba.

Machi 1941 Marekani ikapitisha sheria ya Lend-Lease: washirika wachukue silaha na chakula sasa, hesabu baadaye. Waingereza nao wakarudisha mkono, na kuanzia 1943 wakaongeza mali ghafi za makoloni, mkonge wa Afrika Mashariki ukiwemo. Marekani haikuulizwa bei. Mwenye shamba alilipwa na London. Mkata mkonge alibaki na ujira wake mdogo.

Vita vilipoisha, wakubwa wakaketi. Sehemu kubwa ya deni ikafutwa. Kilichobaki, pamoja na mkopo mpya wa dola bilioni 3.75, Uingereza ilimaliza kukilipa Desemba 2006. Mimi nilikuwa shule ya msingi!

Nilimsomea Kugo haya yote. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na kodi ya mzee wangu, hiyo nayo waliifuta?"

Hapana, Kugo. Hiyo ililipwa yote.