Toddy: Maana ya Neno Hili, Lilikotoka na Undugu Wake na Mnazi wa Mombasa

Ushawahi kusikia msee mwenye homa akiambiwa ajitengenezee "hot toddy"? Ama uliliona hilo neno kwa muvi ukapita nalo tu? Kaa rada, juu si geni Pwani vile unadhani.

Toddy ni nini?

Kwa Kizungu cha mtaa, toddy ina maana mbili. Moja ni wiski ama ramu iliyotiwa maji moto, asali ama sukari, na ndimu. Ya pili, ambayo ndiyo ya zamani, ni pombe ya mnazi. Yaani ile ile inayopigwa kwa mrija kule mangweni.

Lilitoka wapi?

Si Uingereza. Ni Kihindi: "tari", utomvu wa mti uitwao "tar", ambao sisi tunauita mvumo. Waingereza waliofika India kibiashara miaka ya 1600 walilibeba likawa toddy. Karne ya 18, Waskoti wakalibandika kwa wiski yao ya moto. Mnazi ukasahaulika, jina likabaki.

Mombasa tunaitaje?

Tembo. Kwa Kimvita mnyama ni ndovu, kwa hivyo mzee wa Mji wa Kale akitaja tembo, usianze kuwaza Tsavo. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara kwa kotama, kisha akatega kibuyu. Ndiye yule wa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Na cheki hii: Tusker ilipata jina kutokana na ndovu aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa Kenya Breweries, mwaka wa 1923. Kwa hivyo huku kwetu, tembo na ndovu wote wako baa.

Tembo tamu ni pombe?

Hapa ndipo wengi hujichoma. Utomvu ukitoka mtini ni mtamu kama soda. Lakini chachu iliyo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi papo hapo, na joto la Mombasa linaisukuma. Saa chache tu, kilevi kishakaribia cha bia. Ukiliacha zaidi linakuwa siki, ile ya kutia kwa kachumbari.

So kama wewe ni Muislamu unayejichunga, jina "tamu" halikusaidii. Swali ni moja: limegemwa saa ngapi? Dereva pia ajiulize hivyo hivyo, maana alcoblow haijui tamu wala kali.

Muuzaji akikosa jibu la hilo swali, buda, agiza dafu. Linatoka mti ule ule, na hakuna atakayekupulizisha kitu barabarani.