Bi Margrith wa Zürich: Mwanamke Aliyejenga Soko kwa Chakula Kisicho na Nyama



Leo tunakuleteeni historia ya mwanamke mmoja wa Uswisi, lakini tuanze na aibu yetu wenyewe.

Kama mnavyojua, kazi yetu ni cherehani. Tunashona nguo za maharusi, na miaka ya karibuni tumeanza pia kushika shughuli nzima, yaani mapambo, ukumbi na chakula. Kwenye walima mmoja tulioushika, bi harusi alimwalika jirani yao wa Mji Mkongwe, mama wa Kihindu aliyemjua tangu mtoto mchanga. Mama yule hali nyama wala samaki, ndiyo dini yake. Sisi tulipanga pilau la nyama, kuku wa kupaka, sambusa za nyama na mishkaki. Sahani ilipomfika hakuwa na cha kugusa. Alikula kachumbari na ndizi mbivu, akanywa soda. Tulipomuuliza akasema, "Nimeshiba, mwanangu." Bi harusi alikuwa anamtazama kutoka pale juu alipoketi, na tuliona machozi yanamlenga.

Hakutulaumu mtu, lakini tulirudi nyumbani hatuna raha. Ada yetu tuliilipwa yote, watu walisifu nguo na maua, na mgeni mmoja mpendwa alitoka na njaa kwa sababu hatukumuuliza anakula nini. Ndipo tukaanza kusoma habari za watu waliofanya biashara ya chakula kisicho na nyama, tujue waliifanyaje. Tukakutana na habari za Bi Margrith.

Mkahawa wa watu waliochekwa

Mwaka 1898, katika mji wa Zürich, ulifunguliwa mkahawa ambao jina lake kwa Kijerumani lilikuwa na maana ya Nyumba ya Wala Mboga na Mkahawa Usio na Pombe. Nyama haikupikwa na pombe haikuuzwa. Msishangae, Ulaya ya wakati ule ilikuwa na vyama vya watu waliopinga ulevi kwa sababu walikuwa wakiuona unavyobomoa nyumba za wafanyakazi.

Lakini Uswisi ni nchi ya nyama, soseji na jibini. Kula mboga tupu kulionekana ni ufukara au ni uwendawazimu. Inasimuliwa kuwa wateja wa mkahawa ule waliitwa wala majani, na wengine waliona haya hata wakapenya kwa mlango wa nyuma wasionekane na watu. Biashara ilikuwa taabani.

Aliyeuokoa alikuwa fundi cherehani! Sisi tuliposoma hapo tulicheka kwa furaha. Jina lake Ambrosius Hiltl, kijana aliyetoka Bavaria, Ujerumani, kutafuta riziki. Akapatwa na baridi yabisi, vidole na viungo vikauma hata sindano ikawa haishikiki. Anayeshona anajua huo ni msiba gani. Habari za familia yake zinasema daktari Maximilian Bircher-Benner, yule aliyeleta kile chakula cha asubuhi cha shayiri, tufaha na lozi kiitwacho müesli, alimshauri aache nyama. Mtu asiye na mke wala jiko atapata wapi chakula cha namna hiyo kila siku? Akaenda kwenye mkahawa ule unaochekwa. Akapata nafuu, akapata na kazi, kwani miaka michache baadaye alikabidhiwa kuuendesha. Akamwoa na mpishi wake, Martha Gneupel.

Tungependa kusema neno hapa juu ya Martha. Vitabu vya biashara humtaja mwenye jina mlangoni, lakini mkahawa unasimama kwa mkono wa anayepika. Ambrosius alikuwa fundi wa nguo, hakuwa fundi wa sufuria.

Mkaza mwana anaingia

Mtoto wao Leonhard alimwoa Margrith Rubli, na huyu ndiye tuliyemkusudia. Aliingia katika nyumba ya ukweni ambayo tayari ilikuwa na biashara, taratibu zake na wapishi wake. Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Unaolewa, unakuta duka la baba mkwe, na kila unalopendekeza unaambiwa, "Sisi hapa hufanya hivi."

Katika miaka ya 1950 Margrith alisafiri hadi India, kwenye mkutano wa kimataifa wa watu wasiokula nyama, akiiwakilisha nchi yake. Fikirini alichokiona. Kwao, mla mboga alikuwa mtu wa kuhurumiwa, chakula chake viazi vya kuchemsha, karoti na kabeji, chumvi kwa mbali. India akakuta mamilioni ya watu ambao hawajaonja nyama tangu kuzaliwa, na wala hawajihisi wamepungukiwa. Dengu za aina kwa aina, mchuzi wa biringani, wali wenye harufu, achari, mikate ya moto. Chakula kile hakikuwa dawa ya mgonjwa, kilikuwa cha karamu.

Aliporudi Zürich alitaka kukipika. Wapishi wa mkahawa hawakutaka. Harufu zile zilikuwa ngeni kwao, na hawakuona kwa nini wabadilishe walichokizoea. Tena viungo vyenyewe havikupatikana. Sisi tunatoka na kapu hadi Darajani tukarudi na hiliki, manjano, gilgilani na bizari ya pilau kabla adhana ya adhuhuri. Uswisi ya wakati ule vitu hivyo madukani havikuwepo. Alitegemea marafiki na wasafiri wamletee.

Hakugombana na wapishi. Alipika katika jiko lake mwenyewe la nyumbani, akawapikia wageni Wahindi waliopita Zürich kwa kazi au masomo. Wakala, wakafurahi, wakaambiana. Mhindi akifika Uswisi, mwenziwe alimwambia kuna mahali pale Sihlstrasse unaweza kula bila wasiwasi. Taratibu chakula hicho kikatoka jikoni mwa nyumba kikaingia kwenye orodha ya mkahawa. Hata shirika la ndege la Swissair likaanza kuagiza kwao chakula cha abiria wasiokula nyama.

Soko alilipata wapi?

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu na kuzungumza baina yetu, kwa sababu sote tunaofanya biashara tunatafuta soko. Tunalipia matangazo, tunapiga picha, tunaomba watu wenye wafuasi wengi watutaje. Hayo si mabaya, na sisi tunayafanya. Lakini Bi Margrith alipata soko kwa kumtazama mtu ambaye wauzaji wengine walimwona usumbufu.

Mgeni asiyekula nyama akiingia mkahawa wa kawaida, mwenye mkahawa anakunja uso. Anaondoa nyama kwenye sahani, anamletea iliyobaki. Mgeni anakula kwa shaka, hajui mafuta gani yametumika wala supu imetoka kwenye mfupa gani. Bi Margrith alimpikia mtu huyo huyo chakula cha kwao, kwa viungo vya kwao, na akamkaribisha kama mgeni wa heshima. Mtu wa namna hiyo hakusahau, na habari aliipeleka mwenyewe mpaka kwao, bila kulipwa.

Lipo na jambo la pili. Hakuwaambia Waswisi, "Kuleni mboga, nyama itakuuweni." Aliwawekea mezani chakula kitamu. Aliyekuja kwa afya alikula, aliyekuja kwa dini alikula, na aliyekuja kwa harufu tu alikula pia. Ule mkahawa wa mlango wa nyuma leo watu wanaingia kwa mlango wa mbele. Baada yake ukaendeshwa na mwanawe Heinz, kisha mjukuu wake Rolf. Kitabu cha rekodi cha Guinness kinautambua kuwa ndio mkahawa wa wala mboga wa zamani kuliko yote duniani ambao bado umefunguliwa. Meza yao ya kujipakulia ina vyakula zaidi ya 100, na unalipa kwa uzito wa sahani yako.

Na sisi Waislamu tuna nini hapo?

Dada mmoja alituuliza, "Kwani mnataka tuache nyama aliyotuhalalishia Mwenyezi Mungu?" Hasha. Nyama ya halali ni neema, na walima wa kuchinja mbuzi ni sunna inayojulikana. Hatumharimishii mtu alichohalalishiwa.

Lakini tazameni historia. Mwaka 1893, miaka mitano kabla ya mkahawa ule kufunguliwa, Waswisi walipiga kura na kuingiza kwenye katiba yao katazo la kumchinja mnyama bila kwanza kumpoteza fahamu. Waliobanwa wakati ule walikuwa Mayahudi wa nchi hiyo. Mpaka leo katazo hilo lipo kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na Waislamu na Mayahudi wanaotaka nyama iliyochinjwa kwa namna yao hutegemea inayoagizwa kutoka nje. Kwa hiyo mwanamke wa Kiislamu anayefika mji kama ule, kwa masomo, matibabu au kumfuata mume, mara nyingi mahali pa kwanza pa kupata mlo bila shaka ya nyama ni mkahawa wa wala mboga. Tahadhari ibaki: kuulizia mvinyo kwenye mchuzi na kwenye vitamutamu ni wajibu wako. Mkahawa ule wa Zürich wenyewe siku hizi unauza vileo, si kama ulivyoanza.

Kwa maneno mengine, tukisafiri sisi ndio yule mama wa walima. Sisi ndio tunaotazama sahani na kuuliza, "Hiki kina nini?" Tunajua ladha ya kuonekana msumbufu, na tunajua raha ya kukutana na mtu anayejibu vizuri. Vipi basi tukiwa kwetu, sisi ndio wenyeji, tusahau?

Na biashara ya uaminifu kwetu si jambo geni. Mama yetu Bibi Khadija, Radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara kabla hajawa mke wa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam. Alimkabidhi mali yake aipeleke Sham kwa sababu ya sifa moja iliyoenea Makka nzima, uaminifu. Sifa hiyo haikutangazwa na yeyote kwa malipo.

Tulichobadilisha

Baada ya walima ule tulikwenda kwa yule mama na sinia. Tulipika mbaazi za nazi, bamia, chapati, na katlesi za viazi zilizokaangwa kwenye mafuta mapya. Alitukaribisha, akala mbele yetu, kisha akatufundisha dengu lake. Tulipomwomba radhi alisema yeye amezoea. Neno hilo lilituumiza zaidi kuliko angetugombeza.

Sasa, kabla bi harusi hajachagua rangi ya gauni, tunamkalisha na kumuuliza: nani katika wageni wako hali nyama? Nani ana kisukari? Nani karanga zinamdhuru? Bibi gani hana meno? Tunaandika majina. Na kila shughuli ina sufuria moja isiyoguswa na nyama wala mchuzi wake, ikiwa na mwiko wake na mpakuzi wake. Gharama yake ni ndogo, kwa sababu kunde, mchicha, muhogo wa nazi na mbaazi ni vyakula vyetu tangu bibi zetu. Ajabu yake ni kuwa sufuria hiyo ndiyo inayoisha mwanzo. Hata wala nyama wanaizunguka.

Hatutakudanganyeni kuwa tumetajirika. Lakini kazi tatu tulizopata karibuni zimetoka kwa watu waliosikia habari ya sufuria ile, na moja imetoka kwa yule mama mwenyewe, aliyetuunganisha na jamaa zake kwa shughuli yao. Wanataka tuwashonee na tuwapambie.

Bi harusi mtarajiwa, orodha yako ya wageni unayo hapo kwenye simu. Kabla ya kulala leo ipitie jina kwa jina, na ukifika kwa mtu ambaye hujui anakula nini, mpigie umuulize. Atafurahi kuulizwa.

Allah atubarikie riziki zetu, azijaalie nyumba zenu mapenzi na rehema, na awajaalie wageni wetu watoke milangoni mwetu wameshiba na wameridhika. Amin.