Ramani ya Visukuku na Nafasi Zake Tupu

Mwaka 1815 William Smith, mpima ardhi wa Kiingereza aliyezaliwa na mfua chuma, alitoa ramani kubwa ya miamba ya Uingereza na Wales, pamoja na sehemu ya Scotland. Katika kazi ya mfereji wa kusafirishia makaa ya mawe huko Somerset, alikuwa ametambua ya kuwa matabaka ya miamba hufuatana kwa utaratibu mmoja, na ya kuwa kila tabaka lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Kisukuku kikawa kama muhuri: aliyekijua aliweza kulitambua tabaka lake hata akilikuta mbali. Tangu hapo elimu ya viumbe vya kale na elimu ya ramani zimekwenda pamoja.

Kazi hiyo leo hufanywa kwa kompyuta. Hazina ya habari iitwayo Paleobiology Database, iliyoanzishwa mwaka 1998, huwawezesha wasomaji kufungua katika intaneti ramani ya dunia nzima. Mtu huchagua zama azitakazo, na nukta huonyesha mahali visukuku vya zama hizo vilipopatikana. Akipenda, mabara nayo hurudi mahali yalipokuwa zamani, hata Afrika ikaungana na Amerika ya Kusini. Naam, ni chombo cha ajabu. Lakini yafaa kuuliza: nukta moja maana yake nini?

Nukta haimaanishi tu ya kuwa mnyama aliishi pale. Yamaanisha pia ya kuwa alizikwa upesi, mwamba wake ukaonekana juu ya ardhi, mtu akauchimba, na mwingine akaandika habari zake. Likikosekana moja katika hayo, nafasi hubaki tupu, ingawa huenda pale palijaa viumbe.

Mfano wake ni Tendaguru, kilima kilichoko katika mkoa wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, nchi ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig waliongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria yenye umri wa miaka milioni 150 hivi. Mamia ya Waafrika walichimba, wakiwa chini ya mnyapara mkuu Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaichukua mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Berlin. Mwaka 1937 dinosaria mmoja alisimamishwa huko katika jumba la makumbusho.

Nukta ya Tendaguru, basi, ni alama ya mnyama, na ni alama ya jasho na ya utawala vilevile. Uchunguzi uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Ecology & Evolution ulionyesha ya kuwa, kwa muda wa miaka thelathini, wataalamu wa nchi zenye mapato makubwa na zile zinazozifuata walikuwa na mkono katika asilimia 97 ya habari za visukuku. Ulaya na Amerika ya Kaskazini zimejaa nukta. Sehemu kubwa za Afrika ni tupu.

Mwanafunzi aitazamapo ramani hiyo asidhani ya kuwa utupu ni ukosefu wa uhai. Mara nyingi utupu huo ni kazi ambayo haijafanywa, nayo yawangojea wenye nchi.