Ngano na Makaburi ya Hanang

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya kushika urais wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere aliliambia Bunge kwamba ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili watu waliofundishwa kuzidharau ngoma zao wazionee fahari tena. Baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Fedha haikuwa nyingi, na idara ya utamaduni ilihamishwa mara kwa mara toka wizara hii kwenda ile, lakini ilipatikana.

Sasa tuitazame Hanang, wilaya iliyokatwa toka Mbulu mwaka 1969. Sanaa kubwa ya Wabarabaigi haina jukwaa. Husimama juu ya ardhi yenyewe. Akifa mzee wa heshima, hujengewa bung'eda, yaani kilima cha udongo na miti kiinuliwacho kwa muda wa miezi mingi, na watu wa koo mbalimbali hukusanyika kuimba. Ujenzi, wimbo na maombolezo ni kazi moja, na mahali pale huheshimiwa siku zote.

Hata kufika karibu na mwaka 1970, serikali ilianza kulima ngano katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Canada. Shirika la NAFCO lilipata mashamba saba, yaliyozidi ekari 70,000 kwa jumla. Matrekta yakapita juu ya makaburi. Ngano ilihitajiwa kweli, kwa maana miji ilikua, wala mimi sisemi mkate ni kitu kidogo. Lakini hesabu ile ilikuwa na upungufu: trekta liliandikwa, mafuta yaliandikwa, bung'eda haikuandikwa, kwa kuwa machoni pa wapimaji nchi ile ilikuwa mbuga tupu. Ngoma yaweza kupakiwa katika lori ikachezwa Dar es Salaam mbele ya wageni, kaburi haliwezi. Nadhani ndiyo sababu serikali ile ile iliilipia hii na kulilima lile.

Mwaka 1981 halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw na watu 67 waliishtaki NAFCO kwa ajili ya ardhi yao. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu hiyo, na ngano ikaendelea kupandwa.