Kobe Aliyepanda Kwenye Kioo

Mabishano mengi ya vijana hayahitaji historia. Simba na Yanga hubishaniwa usiku kucha bila mtu kutaja mwaka, na mambo yanakwenda. Lakini lipo bishano moja ambalo huku kwetu Kasekese haliishi, na naona haliishi kwa sababu wabishanaji hawataki kurudi nyuma: je, vishikwambi vina faida yoyote kwa timu ya wanafunzi wanaotengeneza roboti? Kuna wanaosema ndiyo, tena vinunuliwe vingi, kila mtoto na chake. Kuna wanaosema hivyo ni vitu vya kutazamia katuni tu, roboti ni kazi ya waya na bisibisi. Mimi sina utaalamu wa uhandisi. Nimemaliza kidato cha nne, na kalamu yangu iko kwenye riwaya ninayoiandika katika kaunta buku. Ila nimesoma kidogo juu ya jambo hili, na nasema turudi nyuma.

Mwaka 1967, huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Seymour Papert pamoja na wenzake walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Miaka michache baadaye lugha ile ikapewa kobe. Si kobe wa porini anayekula majani, la hasha. Alikuwa mashine ya magurudumu, mgongo wa duara, amefungwa waya mrefu hadi kwenye kompyuta, na tumboni ana kalamu. Mtoto akiandika amri ya kwenda mbele hatua 100, kobe anatembea sakafuni na kuacha mstari kwenye karatasi. Akiamriwa kwenda mbele na kugeuka nyuzi 90, mara nne, mraba umepatikana. Amri ikiwa mbovu, kobe anakwenda kugonga mguu wa meza, na kila mtu chumbani anaona. Papert alipenda mtoto wa namna hiyo ainuke, atembee yeye mwenyewe njia aliyompangia kobe, mpaka mwili wake umwambie palipoharibika.

Sasa, kobe yule alikuwa ghali. Kompyuta ndogo za nyumbani na shuleni zilipoanza kuenea, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, ilionekana rahisi zaidi kumchora kuliko kumtengeneza. Basi kobe akapanda kwenye kioo. Akawa kialama kidogo cha pembetatu kinachotembea ndani ya skrini. Watoto wengi sana duniani walimjua kobe huyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifika hata Dakar, Senegali, katika mradi wa kufundisha watoto wa shule ambao Papert mwenyewe alihusika nao.

Sikatai kwamba ilikuwa faida. Lakini hebu tazama kilichopotea. Kobe wa kioo hatelezi. Betri yake haichoki. Gurudumu lake la kushoto halizunguki polepole kuliko la kulia. Ukimwambia ageuke nyuzi 90 anageuka 90 kamili, bila ubishi. Wa sakafuni ukimwambia 90 anaweza kugeuka 84, kesho 87, na sakafu ikiwa na mchanga hajulikani atageuka ngapi. Tofauti hiyo ya nyuzi chache ndiyo roboti yenyewe. Aliyezoea kioo akikutana nayo anadhani mashine imeharibika, kumbe somo ndiyo kwanza linaanza.

Kobe alishuka tena mwaka 1998, kampuni ya LEGO ilipotoa matofali yenye kompyuta ndani na kuyaita Mindstorms, jina lililotoka kwenye kitabu cha Papert cha mwaka 1980. Watoto wakaanza kuunda vyao na kuvipeleka mashindanoni. Halafu vishikwambi vikaja. LEGO walipotoa toleo lao la EV3 mwaka 2013 palikuwa na programu ya kishikwambi pia, ila ilikuwa na uwezo mdogo kuliko ile ya kompyuta. Mtoto wa kompyuta angeweza kuandika kazi kubwa, na wa kishikwambi angepata nusu yake. Wanaovidharau vishikwambi, wengi wao hoja yao imebaki pale pale 2013.

Mambo yamebadilika, wee acha tu. Katika msimu wa 2015 hadi 2016, mashindano ya wanafunzi ya FIRST Tech Challenge yaliacha tofali la LEGO na kuanza kutumia simu za Android kama ubongo wa roboti: simu moja juu ya roboti, nyingine mkononi mwa dereva. Baadaye simu ya juu ya roboti ikabadilishwa na kiboksi kinachofanya kazi ileile. Na jambo ambalo mtu wa kijijini anapaswa kulisikia vizuri ni hili: kiboksi hicho chenyewe kinarusha Wi-Fi, na karakana ya kuandikia programu imo ndani yake. Unakiunganisha kwa kifaa chochote chenye kivinjari, unapanga amri zako, unazihifadhi humo humo. Intaneti haihitajiki. Kompyuta ni bora, maana kuburuta vipande vya amri kwa kidole kwenye kioo kidogo kunachosha, lakini kazi inafanyika. Mashindano ya mataifa ya FIRST Global, yaliyoanza Washington mwaka 2017 kwa timu za nchi zaidi ya 150, nayo hutumia vifaa vya ukoo huo. Tanzania imewahi kupeleka timu huko.

Hiyo ni historia ya mashine. Historia yetu sisi na mashine ni nyingine, na ina vituko vyake.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, 1974, serikali ikatoa amri ya kuzuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na televisheni. Kijana wa leo akisikia hivyo anacheka. Lakini asicheke haraka. Mashine zile zilikuwa ghali, zilikula fedha za kigeni, zilitegemea wataalamu wa nje, na hesabu za serikali zilizopelekwa kwenye kompyuta zilikuwa zimeingia matatizoni. Kosa la amri ile, kwa maoni yangu, ni kwamba iliwanyima hata wale wachache ambao wangejifunza kuifungua mashine na kuijua. Iliendelea kubana mpaka katikati ya miaka ya 1980 ilipoanza kulegezwa.

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya amri hiyo, nchi hii hii ilitumia kifaa kingine kufundishia kwa namna ambayo mpaka leo inasomwa vyuoni. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Kifaa kilikuwa redio. Lakini hakuna aliyegawiwa redio na kuambiwa haya, jifunze. Walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Watu kama milioni 2 wakakaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, halafu wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Redio ilizungumza kwa dakika chache. Kazi ilifanyika baada ya redio kuzimwa.

Sasa weka hapo pembeni yale ya Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, katika vijiji vya mkoa wa Tanga vipatavyo 170, watoto karibu 2,700 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya XPRIZE, na waandaaji walitaka kuona kama mtoto anaweza kujifunza bila mwalimu. Vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua vilijengwa vijijini. Moja ya programu tano zilizofika fainali iliitwa RoboTutor, kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ingawa roboti yenyewe haikuwamo, ni jina tu. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10.

Ukiwa mpenzi wa vishikwambi utasema: umeona? Nimeona, na ninawavulia kofia. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga darasani kusoma neno "mama" kwa kufundishwa na kioo si jambo dogo. Lakini herufi "m" ya kwenye kioo ndiyo "m" ileile ya kwenye gazeti. Haibadiliki ukiitoa nje. Kobe akitolewa nje anabadilika. Kwa hiyo ushahidi wa Tanga ni ushahidi wa kusoma, na tusiubebeshe mzigo wa roboti.

Hapa katikati niseme kuhusu vishikwambi ambavyo watu wa Katavi wengi waliviona kwa mara ya kwanza. Vilikuja kutuhesabu. Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo, na mkoa wetu ukaonekana una watu 1,152,958, wakati mwaka 2012 ulikuwa na 564,604. Tumeongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi! Sensa ilipokwisha, serikali ikaanza kuwagawia walimu vishikwambi. Hii si mara ya kwanza kitu kuja Mpanda kwa kazi moja na kubaki kwa nyingine. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kubeba madini ya risasi. Uchimbaji ule wa risasi ulikwisha, na treni ikabaki kuwabeba mama zetu na magunia yao. Kifaa hakiulizi kililetewa nini.

Basi nikirudi kwenye bishano la vijana wenzangu. Tuna kikundi kidogo, kuna fedha kidogo iliyochangwa baada ya mavuno, na kuna wanaotaka yote iishie kwenye vishikwambi vitano. Msimamo wangu ni kwamba timu inahitaji kimoja, viwili wakizidi sana. Sababu ya kwanza ni umeme. Kishikwambi kinapochajiwa hula wati 10 hivi, kompyuta mpakato hula 45 mpaka 65, na kwa mwenye paneli moja ya sola juu ya bati hiyo si tofauti ya kupuuza. Sababu nyingine ni kuhifadhi: michoro, vitabu, picha za waya uliofungwa jana ili kesho usiufunge kinyume. Kadi ndogo ya micro:bit, ile iliyotengenezwa Uingereza na kugawiwa wanafunzi wapatao milioni moja mwaka 2016, hupokea programu kutoka kwenye kishikwambi kwa Bluetooth, bila waya wowote. Arduino ni mbishi zaidi. Inataka ule waya mfupi wa OTG ambao mafundi simu wanaujua, na kuna vishikwambi vinavyoikataa katakata. Anayenunua aende na Arduino yake dukani akaijaribu kabla ya kutoa hela.

Lakini vitano? Hapana. Vikiwa vitano kila mmoja atainamia cha kwake, na yule kobe atarudi kupanda kwenye kioo. Zipo programu za kuigiza roboti ndani ya skrini, nzuri, zinavutia, na mtu anaweza kucheza nazo mwaka mzima asijue kukaza skrubu. Kikiwa kimoja, mmoja ataandika, mmoja atashika waya, mmoja atapiga magoti sakafuni na kipimapembe, na wengine watabishana kwa nini imegeuka 84. Ni kile kikundi cha redio cha 1973, ila badala ya choo kuna magurudumu. Na awepo kiongozi aliyefundishwa. Hili la kiongozi watu hawalipendi kwa kuwa halina picha nzuri ya kupiga siku ya kukabidhi vifaa.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Binti mmoja wa kikundi aliniuliza: kishikwambi kikiwa kimoja, nani atakishika? Alikuwa anajua jibu. Katika makundi yetu kitu cha thamani kikiwa kimoja hushikwa na mvulana mwenye sauti kubwa, na wasichana hupewa kazi ya kufagia mabaki ya waya. Vikiwa vitano angalau angepata chake. Sina historia ya kumjibia. Tumeandika ratiba ya zamu ukutani kwa chaki, zamu ya kwanza ni yake, na bado tunagombana kuhusu siku za soko.

Fedha itakayobaki ni ya betri, waya, na kifaa cha kulehemia. Risasi ya kulehemia ya kizamani ni mchanganyiko wa bati na risasi, yaani madini yaleyale yaliyoileta reli, kwa hiyo dirisha liachwe wazi na mikono ioshwe kabla ya kula. Mota hatununui kwa sasa. Mafundi redio wa Mpanda bado wana magamba ya redio kaseti mbovu yamerundikwa nyuma ya vibanda, na ndani ya kila moja kuna kimota kidogo cha kuzungushia kanda ambacho hakuna mteja anayekiulizia.