Mkia wa Ndege ya Injini Mbili
Msafiri wa Faza anayepanda ndege Lamu huvuka kwanza kwa boti hadi kisiwa cha Manda, penye uwanja wa ndege. Ukifika uwanjani, tazama mkia wa Dash 8, ndege ya Kanada iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1983. Urefu wa mkia huo una kazi. Injini moja ikizimika, iliyo nzima huisukuma pua kuelekea upande wa iliyokufa, kama dau linalopigwa kasia ubavu mmoja. Rubani hukanyaga pedali ya upande wa injini nzima ili usukani wa mkiani uinyooshe ndege. Mapanga ya rafadha iliyokufa hugeuzwa yaukate upepo kwa makali. Usukani hutegemea upepo: mwendo ukipungua mno, haushiki tena. Marubani hupimwa mara kwa mara katika zoezi la injini moja kuzimika.