Mafuta ya injini: maana ya namba za koponi

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya, Uganda na Tanzania hutoka Japani, na baadhi yake yaliundwa kutumia mafuta mepesi ya injini, 0W-20. Namba inayotangulia herufi W huonyesha wepesi wa mafuta injini ikiwa baridi. Inayofuata, uzito wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mafundi wengine huweka mafuta mazito kwa hofu ya joto la nchi, ilhali mafuta hayo huchelewa kupanda injini inapowashwa, vyuma vikasagana vikavu. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, namba mara nyingi huandikwa kwenye kifuniko cha tundu la mafuta. Dizeli yenye kichujio cha masizi huhitaji mafuta yenye majivu kidogo, la sivyo kichujio huziba.